Watu wa Nyuma ya Goli

Kijana wa Kenya aketiye mbele ya televisheni Jumamosi jioni aweza kukutajia wachezaji wote wa Arsenal au wa Liverpool bila kukosa hata mmoja. Lakini mwulize habari za umati ule auonao nyuma ya goli: walifikaje pale, ni nani aliyewauzia tiketi na kwa bei gani, na kwa nini mahali pale katika uwanja wa Liverpool paitwe kwa jina la kilima cha Afrika Kusini. Hapo atanyamaza. Si ajabu, kwa maana vitabu vya mpira huandikwa juu ya mabao na vikombe, na watazamaji huhesabiwa tu kama mwenye duka ahesabuvyo magunia. Katika insha hii nataka tuwatazame watazamaji wenyewe, na hasa wale wa Uingereza, kwa kuwa ndiko mchezo huu ulikowekewa sheria zake mwaka 1863, na ndiko ugomvi juu ya kiingilio ulikodumu kwa miaka mingi.

Mpira wa Jumamosi ulizaliwa na saa za kazi. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachwe waende zao saa nane mchana siku ya Jumamosi, na polepole wanaume nao wakapata ruhusa iyo hiyo. Mtu aliyetoka kazini saa nane aliweza kufika uwanjani saa tisa, na ndiyo sababu saa tisa alasiri ikawa saa ya kuanza mchezo hata karne ya pili yake. Ligi ya kwanza iliundwa mwaka 1888 kwa vilabu 12, vyote vya miji ya kaskazini na ya katikati, miji ya pamba, makaa ya mawe na chuma. Miaka miwili baadaye vilabu vilipatana kwamba kiingilio cha mtu mzima kisipungue peni sita. Peni sita haikuwa fedha ya kutupwa; kibarua aliihisi mfukoni, na asiye na kazi hakuweza kuitoa. Basi tusije tukadhani kwamba zamani milango ilikuwa wazi kwa kila maskini. Hata hivyo mfanyakazi wa kawaida aliimudu, akaenda pamoja na ndugu zake na jirani zake, bila kununua chochote mapema. Alifika mlangoni, akatoa sarafu, akapita. Na wavulana wasio na kitu walikuwa na hila yao: karibu na mwisho wa mchezo milango ilifunguliwa ili watokao mapema wapite, nao wakajipenyeza ndani na kuona dakika za mwisho bure.

Tajiri mwenye kuketi alikuwa na jukwaa lake pembeni. Wengine wote walisimama. Mahali pa kusimama palikuwa ngazi ndefu zilizopangwa juu ya kifusi cha udongo, na ngazi zile zimeandikiwa historia yake kwa damu. Tarehe 5 Aprili 1902, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, Scotland ilipokuwa ikicheza na Uingereza, mbao za jukwaa refu zilikatika, na watu 25 wakafa kwa kuanguka. Mhandisi wa uwanja ule, Archibald Leitch, hakuachwa bila kazi kwa ajili ya msiba huo. Aliendelea kujenga viwanja vingi, lakini tangu hapo ngazi zake zililala juu ya udongo na saruji, na katikati yake akasimamisha vyuma vya kuegemea ili mkandamizo wa watu wa juu usiwaangukie wote walio chini.

Ngazi zilizopata sifa kuliko zote ni zile za Liverpool. Mwezi wa Januari mwaka 1900 majeshi ya Waingereza yalipigana na Makaburu juu ya kilima kiitwacho Spion Kop, katika nchi ya Natal, nao wengi wa waliokufa huko walikuwa vijana wa Lancashire, mkoa ambao mji wa Liverpool ulikuwa ndani yake wakati ule. (Katika watu waliobeba majeruhi siku ile alikuwamo Mohandas Gandhi, aliyekuwa bado wakili kijana.) Mwaka 1906 Liverpool walipojenga kifusi kirefu nyuma ya goli moja la uwanja wao wa Anfield, mwandishi mmoja wa habari za michezo akakiita kwa jina la kilima kile, nalo likashika. Mwaka 1928 kifusi kilitiwa paa. Chini ya paa lile walisimama watu wapatao 28,000, idadi ambayo ni mji mzima mdogo.

Ni lazima tueleze kusimama kule kulikuwaje, maana bila kukuelewa hatutaelewa ugomvi uliofuata. Mtu hakuwa na mahali palipoandikwa jina lake. Aliyewahi alichagua, rafiki walikutana penye chuma kile kile kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka. Mpira ukikaribia goli, umati mzima ulishuka kama wimbi kisha ukarudi, na mtu aliweza kuanzia mahali pamoja na kujikuta hatua kumi mbali. Watoto walipokezanwa juu ya vichwa vya watu wazima hata wakafika mbele, penye kuonekana vizuri. Chini ya paa sauti iligongana na kurudi ikiwa kubwa maradufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Liverpool walipokuwa wakipendwa ulimwenguni kote kwa muziki wao, watu wa Kop walianza kuimba nyimbo za wakati ule kwa pamoja, wakizibadili maneno kwa kuwasifu wachezaji wao. Hakuna kiongozi aliyeajiriwa kuwaimbisha. Anayejua namna ngoma ya kijijini inavyoshika moto, mmoja akianza na kumi wakaitikia, ataelewa upesi.

Walakini ngazi hazikuwa na kipimo, na kukosa kipimo ni hatari. Ushahidi mkubwa wa kwanza ulitolewa tarehe 28 Aprili 1923. Siku ile uwanja mpya wa Wembley mjini London, uliokamilika siku chache tu kabla, ulifunguliwa kwa fainali ya Kombe baina ya Bolton Wanderers na West Ham United. Uwanja ulijengwa kupokea watu wapatao 127,000, na wenye nao walidhani hautajaa, basi wakaacha watu walipe mlangoni. Waliokuja walikuwa zaidi sana; wako wanaosema 200,000, wako wanaozidisha. Milango ilipofungwa, watu waliparamia kuta. Hesabu rasmi ya waliolipa ilikuwa 126,047, lakini kuta hazina karani. Umati ulifurika hata uwanja wa kuchezea wenyewe usionekane majani. Askari mmoja, George Scorey, akiwa juu ya farasi wake Billy, aliusogeza umati taratibu, hatua kwa hatua, hata mistari ikaonekana. Farasi yule rangi yake ilikuwa ya kijivu, lakini katika picha za siku zile ametokea mweupe, na hivyo ndivyo anavyokumbukwa. Mchezo ulichelewa dakika 45, na watazamaji wakasimama kandokando ya mstari kama ukuta. David Jack wa Bolton alitia bao la kwanza katika dakika ya pili, na Bolton wakashinda 2–0.

Watu hawakufa siku ile, nalo lilikuwa jambo la bahati tupu. Tangu mwaka uliofuata fainali ikawa ya tiketi zilizouzwa mapema, na hapo likazuka swali ambalo halijapata jibu hadi leo: tiketi zikiwa chache, apewe nani? Vilabu viwili vilivyofika fainali havikupewa zote, wala hata nusu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa iligawanywa kwa vyama vya mikoa na vilabu vingine, na mtu aliyeifuata timu yake kwa mvua na theluji tangu raundi ya kwanza alibaki nje, akamwona mlanguzi akiuza tiketi ile ile kwa bei mara kadhaa. Ulanguzi ule haukupigwa marufuku katika mpira hata mwaka 1994.

Misiba haikukoma. Tarehe 9 Machi 1946 huko Bolton watu 33 walikandamizwa wakafa. Vita vilikuwa vimekwisha, watu wana kiu ya burudani, na mlango uliokuwa na nafasi ndogo ukapokea wengi mno. Tarehe 2 Januari 1971, katika Ibrox ile ile ya mwaka 1902, watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea. Sheria ya usalama wa viwanja ikatungwa mwaka 1975. Lakini wakati huo huo serikali na polisi walikuwa wakitazama jambo jingine: vijana wa fujo, waliopigana vijiweni na ndani ya viwanja. Dawa iliyotolewa ilikuwa uzio wa chuma mbele ya ngazi, na ngazi zenyewe zikakatwa vipande vipande kama mazizi. Mwezi wa Mei 1985 ulileta mambo mawili ya kutisha: tarehe 11 moto uliteketeza jukwaa la mbao la Bradford na kuua watu 56; tarehe 29, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wale wa Juventus, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa, wengi wao Waitalia. Baada ya hapo mtazamaji wa Kiingereza alihesabiwa kuwa mnyama wa kufungiwa. Si kwamba hapakuwa na wakorofi, walikuwako. Lakini mlinzi aliyefundishwa kutazama fujo tu hataona mtu anayekosa pumzi.

Hayo yalionekana wazi tarehe 15 Aprili 1989. Liverpool na Nottingham Forest walikuwa wacheze nusu fainali katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Liverpool walikuwa na wafuasi wengi zaidi, lakini walipewa tiketi karibu 24,000, na Forest wakapewa nyingi zaidi kwa maelfu, kwa kuwa polisi walitaka kila upande uingilie kwenye pande za barabara zake. Liverpool walilalamika, wasisikilizwe. Watu wao 10,100 wenye tiketi za kusimama, zilizouzwa pauni 6, walipangiwa milango 7 tu ya chuma izungukayo. Ukifanya hesabu utaona kwamba kila mlango ulipaswa kupitisha watu zaidi ya 1,400. Ilipokaribia saa tisa, nje palikuwa na msongamano wa kutisha. Saa nane na dakika 52 polisi walifungua lango kubwa ili kupunguza mkandamizo, na watu wapatao 2,000 wakaingia. Mbele yao palikuwa na njia ya chini kwa chini ielekeayo moja kwa moja kwenye mazizi mawili ya katikati, ambayo yalikwisha kujaa. Mazizi ya pembeni yalikuwa na nafasi, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha. Uzio uliwazuia wa mbele wasitoke. Mchezo ulisimamishwa saa tisa na dakika 6. Mwaka ule watu 95 walikufa. Wawili wengine walikufa kwa majeraha yale yale miaka ya mbele, mmoja mwaka 1993 na mwingine mwaka 2021, hivi idadi ni 97. Waliokufa walikuwa watu wenye tiketi, waliolipa, waliokuja kuimba.

Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda mbali kuelewa. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo mjini Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards walipokutana, watu 7 walikufa kwa msongamano wa langoni.

Siku ile ile ya Hillsborough mkuu wa polisi aliwaambia viongozi wa mpira kwamba mashabiki ndio waliolivunja lango. Haikuwa kweli. Siku chache baadaye gazeti moja kubwa likawasingizia wafu na waliowaokoa mambo ya aibu, likakaa miaka 23 kabla ya kuomba radhi kwa dhati. Jamaa za waliokufa hawakunyamaza. Walikwenda mahakama hata mahakama, na tarehe 26 Aprili 2016 baraza la uchunguzi lilikata shauri kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia lolote. Mkuu yule mwenyewe alishtakiwa baadaye, na mwaka 2019 mahakama ikamwona hana hatia.

Jaji Taylor ndiye aliyepewa kuchunguza mara baada ya msiba, na taarifa yake ya mwisho ilitoka Januari 1990. Humo alipendekeza kwamba ngazi za kusimamia ziondolewe na viti viwekwe, kila mtu na chake. Serikali wakati ule ilitaka pia kila mtazamaji awe na kadi ya kujulisha. Taylor aliikataa shauri hiyo. Lakini kuna neno moja katika taarifa yake ambalo wengi wameliruka. Aliandika kwamba kuweka viti hakupasi kumtoa uwanjani mtu aliyezoea kusimama, na akatoa mfano wa Ibrox, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Yaani jaji aliagiza viti, hakuagiza bei.

Hapa ndipo nionapo kiini cha habari yote. Mara nyingi tunaambiwa kwamba usalama ni ghali, na kwamba mtu akitaka kuketi salama sharti alipe. Vyoo safi, saruji mpya na milango mipana vilihitaji fedha, sikatai. Lakini serikali ilisaidia kwa ruzuku, na baada ya Ligi Kuu kuanzishwa mwaka 1992 fedha za televisheni zilimiminika kuliko ilivyopata kuonekana. Bei hazikushuka, zilipanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1990 mtu aliweza kuingia Anfield kwa pauni 4. Tarehe 30 Aprili 1994 Kop walisimama mara ya mwisho, Liverpool wakafungwa 1–0 na Norwich City, kisha ngazi zikabomolewa, na mahali pa watu 28,000 pakawa na viti karibu 12,000. Viti vikipungua na wapendao wakizidi, mwenye mali hupandisha bei. Hilo ni jambo la soko, wala halikuandikwa katika kitabu chochote cha usalama.

Na kelele je? Zilipungua, na watu wa kwanza kulalamika walikuwa wachezaji. Mwezi wa Novemba 2000 Roy Keane, nahodha wa Manchester United, aliwakemea hadharani watazamaji wa nyumbani waliokula mikate ya kamba na kusahau mchezo. Watu walicheka, lakini alikuwa amegusa jambo. Kijana wa miaka kumi na sita hakuweza tena kwenda na wenzake wanane na kukaa pamoja. Mmoja alipata kiti huku, mwingine kule, na wengi hawakupata. Aliyekaa karibu naye alikuwa mgeni wa siku moja, na mtu haimbi upesi mbele ya asiomjua. Wengine waliondoka kabisa: mwaka 2005, Manchester United iliponunuliwa na tajiri wa Marekani, baadhi ya wafuasi wake waliunda klabu yao, FC United of Manchester, wakaenda kuimba katika madaraja ya chini.

Watu wa Liverpool walichagua njia nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2016 klabu ilitangaza kwamba katika jukwaa jipya tiketi ya juu itakuwa pauni 77 badala ya pauni 59. Tarehe 6 Februari, Liverpool wakicheza na Sunderland, dakika ya 77 ilipofika watu wapatao 10,000 waliinuka wakaondoka. Liverpool walikuwa wakiongoza 2–0. Uwanja ukabaki na mapengo na ukimya, na katika ukimya ule Sunderland wakarudisha mabao mawili. Sitasema mabao yale yaliletwa na kuondoka kwa watu, ingawa wako waliosema. Siku nne baadaye wenye klabu waliomba radhi, wakairudisha bei ya juu kuwa pauni 59. Mwezi uliofuata vilabu vyote vya Ligi Kuu vilipatana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30, na sababu waliyoitoa yafaa kuangaliwa: bila wageni wale, walisema, mchezo hupoteza uchangamfu wake. Walikiri kwa vinywa vyao kwamba kelele ni mali, na kwamba wanaoileta wanastahili kupunguziwa.

Kusimama nako kumerudi. Wajerumani hawakuacha kamwe. Huko Dortmund jukwaa moja la kusini huchukua watu karibu 25,000 wasimamao, kwa bei ndogo. Kwa mfano wao Waingereza walijaribu viti vyenye reli ya chuma mbele ya kila safu, ili mtu asimame asisukumwe. Mchezo wa kwanza chini ya ruhusa hiyo ulichezwa tarehe 2 Januari 2022, Chelsea na Liverpool, na tangu msimu wa 2022/23 klabu yoyote itimizayo masharti yaweza kuruhusu. Wapo waliofiwa Hillsborough ambao hawakupenda, na hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini reli si uzio. Kila mtu ana nafasi yake moja, na idadi yajulikana.

Bei haijapatiwa reli. Mwishoni mwa Novemba 2024 Manchester United, msimu ukiwa katikati, walitangaza kwamba tiketi zilizobaki kwa wanachama zitauzwa pauni 66, wala hapatakuwa na punguzo kwa watoto na wazee. Kabla ya siku ile mtoto aliweza kuingia kwa pauni 25. Tarehe 1 Desemba mashabiki wa Manchester United na wale wa Everton, ambao kwa desturi huketi mbali na kutukanana, walisimama pamoja nje ya uwanja wa Old Trafford wakipinga, na siku ile ile watu wa Liverpool na wa Manchester City wakafanya vivyo hivyo Anfield.